Pikipiki ya mtumba Vietnam: namna ya kununua kwa bajeti ndogo bila kuingia mkenge

Kwa dong milioni 10 hivi, ambazo ni kama dola 380 za Marekani, mgeni anaweza kupata Vietnam pikipiki ya kumpeleka kazini kila siku kwa miaka miwili na akaiuza bila hasara kubwa. Kwa fedha hizohizo anaweza kuuziwa chuma kilichopakwa rangi wiki iliyopita, kikiwa na kadi ya pikipiki nyingine. Bei haikusaidii kuvitofautisha. Vinatofautishwa na karatasi, aina ya pikipiki, na nusu saa ya ukaguzi injini ikiwa ya baridi.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda kufundisha, kusoma au kufanya kazi Hanoi, Da Nang au Ho Chi Minh City, na mfuko wake ni wa kati ya dong milioni 6 na 14.

Kabla ya yote, leseni

Wengi hununua kwanza, leseni wakaiulizia baadaye. Huo ni mpangilio wa kichwa chini miguu juu. Tangu Januari 1, 2025 Vietnam inatumia sheria mpya ya usalama barabarani. Daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125, na daraja A ni la zilizozidi hapo. Kwa isiyozidi cc 50 leseni haihitajiki, mradi umefikisha miaka 16. Faini ya kuendesha bila leseni pikipiki isiyozidi cc 125 ni dong milioni 2 hadi 4. Ikizidi cc 125 ni milioni 6 hadi 8. Hiyo ya pili inaweza kuwa sawa na bei ya pikipiki yenyewe.

Kibali cha kimataifa cha udereva kinakubalika kama kimetolewa chini ya Mkataba wa Vienna wa 1968. Kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949 hakitambuliwi, hata kama kinafanana nacho kwa rangi na ukubwa. Fungua jalada usome mwaka wa mkataba. Kisha tazama kama muhuri umegongwa kwenye daraja la pikipiki, maana kibali chenye muhuri wa gari pekee hakikusaidii juu ya pikipiki. Lazima pia utembee na leseni yako ya nyumbani. Mwenye viza au kibali cha kukaa miezi 3 na zaidi anaweza kubadilisha leseni ya nyumbani ikawa ya Vietnam, ikiwa na daraja la pikipiki na imetafsiriwa na kuthibitishwa.

Uzito wa jambo hili hauko kwenye faini. Bima nyingi za matibabu za wasafiri hukataa kulipia ajali ya pikipiki kama dereva hakuwa na leseni halali nchini humo. Mguu uliovunjika mara mbili, ukapasuliwa na kuwekewa vyuma, utaulipa mwenyewe.

Pikipiki gani?

Kama huna sababu maalumu, nunua Honda Wave Alpha. Haina mvuto wowote wa macho, na inafaa hivyohivyo. Kila fundi wa kando ya barabara, kuanzia Ha Giang hadi Ca Mau, ameshaifungua mara mia. Spea zake zipo hadi vijijini, tena za kampuni na za bei nafuu. Matoleo ya kuanzia mwishoni mwa 2016 yana injini ya cc 110. Ya zamani ni cc 100. Gia ni nne na mkono wa klachi haupo, kwa hiyo aliyezoea Boxer atahitaji siku moja mguu uzoee: gia zote huingizwa kwa kukanyaga mbele, na pikipiki ikiwa imesimama, ukikanyaga tena kutoka gia ya nne unarudi huru. Tangi ni dogo, lita 3.7 tu. Wave Alpha iliyotunzwa huuzwa kati ya dong milioni 8 na 14 kutegemea mwaka. Mpya dukani ni kama milioni 18, na bei hiyo uiweke kichwani unapoambiwa yenye miaka mitano inauzwa 16.

Zinazoikaribia ni Honda Blade 110 na Yamaha Sirius. Honda Future 125 ina nguvu zaidi ya kubeba watu wawili milimani, lakini bei yake haishuki kirahisi.

Zisizo na gia, kama Honda Vision, Air Blade na Yamaha Nouvo, ni rahisi kuendesha mjini. Nouvo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, wakati mwingine dong milioni 5. Ila angalia cc: Nouvo LX ni cc 135, na kwa sheria ya sasa A1 haikutoshi kuiendesha. Muuzaji hatakuambia.

Kisha kuna ile inayouzwa kwa wasafiri kama "Honda Win". Karibu zote utakazoonyeshwa ni nakala zilizofuata umbo la Win ya zamani, zimeungwa kwa spea za Kichina na kupita mikononi mwa wageni kumi wasiojua kubadili oili. Zinapendeza kwenye picha, na zina keria ya kubebea mizigo. Fremu zake hupasuka karibu na keria hiyo, nyaya za umeme zimeungwaungwa kwa tepu, na injini mara nyingi si ile iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa dong milioni 6 zinazotakiwa, Wave ya cc 100 yenye sura mbaya ni bora mara nyingi.

Asiye na njia ya kupata leseni anaweza kutafuta pikipiki ya cc 50 ya umbo la Honda Cub. Inakwenda kilomita 40 hadi 50 kwa saa, nayo yatosha mjini. Isipelekwe kwenye barabara kuu za malori.

Kwa anayekwenda Hanoi kuna jambo jingine. Julai 2025 waziri mkuu alitoa agizo la kuondoa pikipiki za petroli ndani ya Barabara ya Mzunguko Na. 1 kuanzia Julai 1, 2026. Kama nyumba au kazi yako iko katikati ya jiji, uliza utekelezaji umefikia wapi kabla hujatoa hata dong moja, na ulinganishe na bei ya pikipiki ya umeme.

Kadi

Kadi ya usajili wageni huiita kadi ya bluu. Wenyeji wa kusini husema cà vẹt, wa kaskazini đăng ký xe. Ina jina na anwani ya mmiliki, aina ya chombo, rangi, ujazo wa injini, namba ya usajili, namba ya injini (số máy) na namba ya fremu (số khung). Pikipiki isiyo na kadi usiitazame mara mbili, hata ikiwa nusu bei. Inaweza kuwa ya wizi, polisi wakiikamata haitoki, na siku ya kuuza hutapata mnunuzi mwenye akili.

Chukua tochi na kitambaa. Futa uchafu usome namba ya injini na ya fremu, tarakimu moja baada ya nyingine, ukilinganisha na kadi. Herufi zilizopinda, zilizokwaruzwa kwa tupa, au chuma kinachong'aa mahali pamoja tu wakati pembeni kuna kutu, ni dalili ya kugongwa upya. Namba ya injini ikitofautiana na kadi, injini imebadilishwa. Rangi ikitofautiana, uliza kwa nini. Tarakimu mbili za kwanza za namba ya usajili ni za mkoa: 29 ni Hanoi, 43 ni Da Nang, 59 ni Ho Chi Minh City. Anwani kwenye kadi nayo isipishane na hapo bila maelezo.

Sehemu inayowachanganya wageni wengi ni umiliki. Tangu Agosti 15, 2023 namba ya usajili Vietnam hufuata mtu, haifuati chombo. Kwa utaratibu kamili, muuzaji hurudisha kadi na namba polisi, mnunuzi hulipa kodi ya usajili (kwa mtumba kwa kawaida asilimia 1 ya thamani inayokadiriwa na serikali) na kupewa namba yake mwenyewe. Mkataba wa mauziano lazima uthibitishwe kwa mthibitishaji wa hati au ofisi ya kata. Mgeni mwenye kadi ya ukaazi anaweza kufanya haya yote kwa jina lake, na afanye. Ampate muuzaji ambaye jina lake ndilo lililo kwenye kadi, waende pamoja.

Mwenye viza fupi hawezi kusajili. Wageni wengi wa namna hiyo huendesha kwa kadi yenye jina la Mvietnam aliyeuza miaka sita iliyopita. Kuendesha pikipiki ya mtu mwingine si kosa. Kununua na kutobadilisha jina ndilo kosa, na faini yake kwa pikipiki ni dong laki 8 hadi milioni 1. Huwa inaibuka polisi wanapochunguza ajali, yaani wakati ambao tayari una shida nyingine. Kwa hiyo, ukiwa unakaa chini ya miezi minne au mitano, kodisha kwa mwezi. Dong milioni 1 na nusu kwa mwezi inaonekana nyingi hadi uhesabu matengenezo, hasara ya kuuza kwa haraka, na wasiwasi wa kadi.

Wapi na lini

Tovuti ya Chợ Tốt ndiyo soko kubwa la matangazo ya vitu vilivyotumika. Bei zake ni za Wavietnam kwa Wavietnam. Hata kama utanunua kwa mgeni mwenzako, pitia kwanza matangazo 20 ya aina na mwaka uleule ili ujue bei halisi. Hanoi kuna mtaa wa Chùa Hà, wilaya ya zamani ya Cầu Giấy, wenye maduka ya pikipiki za mtumba yaliyopangana. Bei za huko ziko juu kidogo, lakini duka lipo kesho ukirudi na malalamiko. Makundi ya wageni mtandaoni ni mazuri mwezi Juni, walimu wengi wanapomaliza mikataba na kutaka kuondoka ndani ya wiki. Siku chache kabla ya Tết, mwaka mpya wao, hali ni kinyume: kila mtu anataka usafiri wa kwenda kwao, kisha mafundi wengi hufunga kwa karibu wiki nzima.

Usitume malipo ya awali ya "kukuwekea". Pikipiki ambayo hujaigusa hailipiwi.

Ukaguzi

Mwambie muuzaji usiku uliotangulia: usiiwashe kabla sijafika. Ukifika, gusa injini kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna kinachofichwa, kwa kawaida ni uwashaji mgumu wa asubuhi. Subiri ipoe au ondoka. Nenda mchana. Mvua na giza huficha mengi.

Anza na oili. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili nyeusi ni ya kawaida. Yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na kwa jiji kama Ho Chi Minh City, ambako mitaa hufurika msimu wa mvua, maana yake ni kwamba pikipiki imezama. Fungua pia kiti na sanduku la chujio la hewa uangalie mstari wa tope au kutu ndani yake. Kijiti kikitoka kikavu, injini imeendeshwa bila oili ya kutosha, na madhara yake huonekana miezi mitatu baada ya wewe kulipa.

Washa kwa kiki kwanza, stata baadaye. Injini nzima huwaka kwa mateke mawili au matatu. Ukihisi kiki haina upinzani wowote, mgandamizo umekwisha: ringi au valvu. Ikishawaka iache iungurume dakika tatu bila kushika mafuta. Inazima yenyewe kabla haijapata moto? Kabureta chafu, jambo dogo. Sasa piga resi kidogo huku mtu akitazama bomba la moshi. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Ukitoka tu wakati wa kuwasha kisha ukakoma, ni sili za valvu. Ukizidi kadiri unavyovuta mafuta, ni ringi na silinda, na hapo tenga dong milioni 1 hadi 2. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi chujio au kabureta. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea ni unyevu tu. Sikiliza pia: tikitiki nyepesi juu ya injini ni valvu zinazohitaji kurekebishwa, kazi ya robo saa. Mlio mzito wa kugonga chini ya injini, unaofuata mwendo wake, ni bering za krenki. Hapo aga kwa heshima.

Weka stendi kubwa. Shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise pembeni; likicheza, bering zimekwisha. Geuza usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukinata katikati kama kuna kishimo, bering za shingo zimelika, na pikipiki itayumba kwenye mwendo. Tikisa pia gurudumu la nyuma na mkono unaolishika. Zungusha magurudumu yote mawili utazame kama rimu inacheza. Simama mita tatu nyuma, chuchumaa, utazame kama magurudumu yamo kwenye mstari mmoja. Yasipokuwemo, iliwahi kugongwa. Pitisha tochi kwenye maungio yote ya fremu, hasa panaposhika injini na chini ya kiti. Rangi mpya juu ya ungio moja tu inafunika welding.

Cheni: ivute nyuma kutoka kwenye spoketi kubwa. Ikiinuka hadi ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yaliyopinda kama ndoana yanasema hivyohivyo. Badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni mpya juu ya meno ya zamani hufa haraka.

Usiamini kilomita za kwenye dashibodi. Nyaya hukatika, namba hurudishwa. Amini raba ya kukanyagia: iliyolika upande mmoja hadi chuma, huku dashibodi ikisema kilomita 12,000, inakuambia ukweli.

Umeme: washa taa, indiketa zote, honi na breki. Taa zikififia sana unapobonyeza indiketa, betri imechoka. Ukiwa na mita ya umeme, betri nzima husoma volti 12.4 na zaidi injini ikiwa imezimwa, na 13.5 hadi 14.5 ukipiga resi. Ikibaki 12, mfumo wa kuchaji ndio mbovu, na betri mpya haitaponya.

Mwisho iendeshe, angalau dakika kumi. Ingiza gia zote. Kwenye mteremko wa kupanda, ukiwa gia ya tatu, vuta mafuta kwa nguvu: injini ikilia huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Gia ikijirudisha yenyewe, usinunue. Funga breki moja moja kwenye barabara kavu. Kwa isiyo na gia, mtetemo mkali wakati wa kuondoka hutoka kwenye mkanda au klachi. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 20,000 hivi, nao ukikatika njiani hakuna hatua moja mbele.

Mpe fundi wa jirani, asiye rafiki wa muuzaji, dong laki 1 akuangalizie. Tafuta kibao cha sửa xe, yaani matengenezo. Usikichanganye na rửa xe, ambacho ni cha kuosha.

Kupatana bei

Usitupe bei ya nusu hewani. Orodhesha kasoro na gharama: tairi moja dong laki 2 na nusu hadi 3 na nusu, cheni na spoketi laki 2 hadi 4, betri laki 3, taa na vioo laki 1. Jumlisha mbele ya muuzaji na uombe jumla hiyo ipunguzwe. Wavietnam huheshimu hesabu, na sauti ya kupanda haikuletei punguzo lolote.

Unapolipa, mkononi uwe na kadi halisi wala si nakala ya rangi, funguo zote mbili, mkataba wa mauziano wenye saini, na picha ya kitambulisho cha muuzaji. Muuzaji akiwa siye aliyeandikwa kwenye kadi, atoe mikataba yote inayomfikia kutoka kwa mwenye jina. Kiungo kimoja kikikosekana, bei ishuke sana au uache.

Wiki ya kwanza

Siku hiyohiyo badilisha oili: lita 0.8 kwa Wave ya cc 110. Kusini omba thay nhớt, kaskazini thay dầu. Ongeza plagi mpya na chujio la hewa, fundi arekebishe valvu na breki. Dong laki 4 hadi 6 zitatosha. Tairi kipara zisisubiri, maana lami ya mvua Vietnam huteleza kama sabuni. Saizi za Wave ni 70/90-17 mbele na 80/90-17 nyuma. Kata bima ya lazima ya mtu wa tatu: kwa pikipiki iliyozidi cc 50 ni dong 60,000 kwa mwaka, na ukiongeza VAT jumla ni 66,000. Kuikosa ni faini ya laki 2 hadi 3. Tenga na dong laki 4 au zaidi za kofia ngumu ya kufunika kichwa chote, si ile nyepesi ya elfu 50 inayouzwa barabarani.

Baada ya hapo oili kila kilomita 1,500, na kwa injini inayokula oili kagua kijiti kila unapojaza tangi la pili. Unapoegesha utapewa kikaratasi au kadi ndogo. Ukikipoteza, kadi ya usajili ndiyo itakayokutoa getini. Pombe usiiguse kabisa siku unayoendesha, kwani kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri na faini ya pikipiki huanzia dong milioni 2. Na kila risiti ya fundi uihifadhi kwenye bahasha moja na mkataba. Siku ya kuuza, mnunuzi ataanza kwa kuuliza yaleyale uliyouliza wewe.